Gothi ni nani, na akizeeka anabaki kuwa gothi?

Huku kwetu mtu akipita mtaani kavaa nyeusi juu mpaka chini, lipstiki nyeusi, wanja umepandishwa mpaka karibu na nyusi, na mabuti ya kamba saa saba mchana jua linawaka, watu wana majibu matatu tu: kafiwa, ni freemason, au anatafuta kiki. Kuna jibu la nne, kwamba huyo ni gothi, na kwa vile neno lenyewe wengi wanalisikia juujuu tu ngoja nilieleze, halafu nifike pale ninapopataka mimi hasa, yaani huyo gothi akifika miaka arobaini, hamsini, anakuwaje? Maana kila mtu anasema "atakua ataacha".

Kwanza kabisa gothi ni mtu wa muziki fulani. Nguo zinafuata nyuma. Hapa ndo wengi wanachemka, wanaanzia kwenye nguo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Uingereza panki ilikuwa imeanza kuchoka (sisemi panki ya kunyoa kwa kinyozi, nasema ule muziki wa fujo wa magitaa), vijana wakaichukua ile hasira wakaipunguza mwendo, besi ikaletwa mbele ikawa ndo inayoongoza wimbo, gitaa likawa linalia kwa mbali kama limefungiwa ndani ya tanki tupu la maji, na mwimbaji anaimba kwa sauti ya chini chini kama anakusimulia jambo zito usiku. Agosti 1979 bendi ya Bauhaus kutoka Northampton ikatoa wimbo wa zaidi ya dakika tisa kuhusu kifo cha Bela Lugosi, yule mwigizaji aliyekuwa Dracula, mzuka mnyonya damu, kwenye filamu ya 1931, na watu wengi wanauhesabu huo kuwa ndo mwanzo. Pembeni walikuwepo Siouxsie and the Banshees, The Cure, na kule Leeds mwaka 1980 wakaanza Sisters of Mercy. Julai 1982 ikafunguliwa klabu pale Soho, London, inaitwa Batcave, yaani pango la popo, na hapo sasa nywele timtim, soksi za nyavu na uso uliopakwa weupe vikapata nyumba.

Jina lenyewe lina safari ndefu na ya kuchekesha. Wagothi walikuwa watu wa kale wa Ulaya, walioivamia Roma mwaka 410 wakaipora, karne nyingi baadaye Waitalia wakalitumia jina lao kama tusi kwa yale makanisa marefu ya zamani yenye minara iliyochongoka, wakimaanisha ni ushenzi tu. 1764 Mwingereza Horace Walpole akaandika riwaya ya ngome yenye mauzauza, hadithi za namna hiyo zikaitwa za kigothi, na kutoka hapo waandishi wa magazeti ya muziki wakalibandika kwa hizi bendi. Ambazo nyingi zililikataa! Andrew Eldritch wa Sisters of Mercy amekuwa akisema miaka yote kwamba yeye si gothi wala bendi yake si ya kigothi, sasa ukimwona na miwani yake myeusi, koti la ngozi jeusi, na moshi wa mashine umejaa jukwaa mpaka humwoni vizuri, unabaki kucheka tu.

Gothi si emo (wale wa roki ya kulilia mapenzi, nywele zimefunika jicho) na si mtu wa metali (ule muziki mzito wa magitaa ya kunguruma), ingawa wanapakana na wanaazimana nguo. Wala si mgonjwa wa huzuni. Hili la huzuni nakaa nalo kidogo kwa sababu ndo swali ninaloulizwa zaidi, eti kwa nini mtu apende mambo ya makaburi, mishumaa, mashairi ya kifo, si anajitafutia mabaya? Mtu wa pwani ataelewa haraka nikimpa mfano wa taarabu. Unavaa umependeza, umejifukiza udi, unakwenda kukaa kusikiliza wimbo wa mtu aliyeachwa solemba, unatikisa kichwa, machozi yanakulengalenga, unanyanyuka unakwenda kumtunza mwimbaji, halafu unarudi nyumbani umefurahi kuliko ulivyotoka. Hakuna anayesema una ugonjwa. Gothi ni hivyohivyo, anapenda uzuri uliomo kwenye giza na kwenye huzuni, na ukikaa na magothi kwa muda utagundua ni watu wa utani sana, hasa wa kujitania wenyewe.

Sasa umri.

Mwaka 2016 nilikuwa Leeds nasoma, nikapanga chumba kwa mama mmoja wa miaka 51, anafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno. Wiki mbili za kwanza sikujua kitu. Asubuhi anatoka na sare ya bluu, nywele kazifunga nyuma, viatu vya kawaida, mama wa kawaida kabisa. Halafu Jumamosi moja nateremka jikoni namkuta kakaa mbele ya kioo kidogo kile kinachokuza uso, miwani kaivua kaiweka juu ya mkate, anapaka wanja. Yaani shida yake ilikuwa hii, bila miwani haoni jicho lake, na akivaa miwani wanja haupakiki, kwa hiyo anabana pumzi, anasogea mpaka pua inagusa kioo, anavuta mstari mmoja, anarudi nyuma anaangalia, anatukana kidogo, anafuta, anaanza upya. Nikamwuliza unakwenda wapi, akaniambia kucheza muziki, na akanieleza kwamba alianza akiwa na miaka 17, enzi hizo ukiwa Leeds unakwenda klabu ya Phono chini ya jengo la maduka la Merrion Centre, na nywele zake zilikuwa zinachukua saa nzima na nusu, unazitimua kwa kitana kutoka ncha kurudi kwenye mzizi, sprei, unatimua tena, sprei tena, mpaka zisimame.

"Sasa hivi hazisimami tena," akasema, "na zikisimama mimi nimeshachoka, nataka kukaa."

Hiyo ndo habari yote ya umri kwa gothi, na utaona sababu zake si za moyoni hata kidogo, ni za mwili, saa na mfuko. Nywele zilizotimuliwa na kupakwa rangi nyeusi miaka ishirini zinakatika na kuwa nyepesi. Mvi zikianza, kila baada ya wiki tatu mzizi mweupe unachungulia na inabidi upake tena, kwa hiyo wengine wanaamua kuziacha, na kumbe mvi na nguo nyeusi vinakaa vizuri mno pamoja, vizuri kuliko ile rangi ya dukani. Faundesheni nyeupe inaingia kwenye mikunjo ya uso inakaukia humo, unaonekana kama ukuta uliopasuka, kwa hiyo uso unaachwa rangi yake, kinachobaki ni jicho na mdomo. Buti la matundu 20 kulifunga ni kuinama dakika kumi, mgongo unalalamika, basi unatafuta lenye zipu ubavuni. Koseti, lile vazi la kubana kiuno kwa kamba, inaachiwa siku maalumu.

Ila usidhani ni kupungua tu. Gothi wa miaka 18 hana hela, anachana soksi anavaa kama mikono ya gauni, anapaka nguo rangi kwenye ndoo, anavaa vitu vitano kwa mpigo ili kila mtu ajue. Yule mama kabati lake lilikuwa na nguo chache lakini zote za maana, koti moja la sufu lililoshonwa kwa fundi, gauni la mahameli, pete ya fedha ya popo, na alikuwa anazifua nyeusi peke yake, kwa maji ya baridi, kazigeuza ndani nje, kwa sababu kwa magothi nyeusi iliyopauka ikawa ya kijivu-kahawia ni aibu kama vile kanzu yenye doa siku ya Idi. Wenyewe wana majina ya hizi hatua zote, anayeanza wanamwita mtoto wa popo, aliyedumu wanamwita gothi mkongwe, na yupo gothi wa ofisini, ambaye kavaa suti nyeusi tu na shati jeusi, bosi anamwona nadhifu, wenzake wanajua.

Mwanasosholojia Paul Hodkinson wa Chuo Kikuu cha Surrey, ambaye mwenyewe ni wa humohumo, aliwatafiti hawa watu miaka ya 1990 wakiwa vijana, halafu akarudi kuwahoji wakongwe na 2011 akachapisha alichokikuta. Wengi walikuwa wamepunguza makeke ya mavazi kwa sababu ya kazi, mwili na watoto, lakini hawakujiona wametoka, na jambo moja kubwa ni kwamba walizeeka pamoja. Mimi hili naliona ndo la msingi kuliko yote. Ukizeeka peke yako kwenye kitu cha vijana unaonekana kituko, mkizeeka mia tano kwa pamoja inakuwa ni mji tu kama miji mingine, una wazee wake na watoto wake.

Mahali pa kuliona hilo ni Whitby, mji mdogo wa wavuvi kaskazini mashariki mwa Uingereza, ambako kwenye riwaya ya Bram Stoker ya 1897 ndiko meli iliyombeba Dracula inakokwama. Tangu 1994 magothi wanakusanyika pale. Ukitaka kufika kanisani na kwenye magofu ya abasia, yaani nyumba ya zamani ya watawa, juu ya kilima unapanda ngazi 199, na mama mwenye nyumba wangu aliniambia zamani walikuwa wanazipanda mbio huku wanaimba, siku hizi wanapumzika kwenye mabenchi yaliyoko njiani, wanasukuma vigari vya wajukuu kuwapitisha njia nyingine, na bado wanafika. Ujerumani kuna kusanyiko kubwa zaidi, mji wa Leipzig, kila mwaka wakati wa Pentekoste tangu 1992, watu kama 20,000, na siku ya kwanza wanakwenda kutandika mikeka ya pikiniki bustanini wakiwa na magauni ya enzi za Malkia Victoria. Ukimtafuta mzee aliyegoma kupunguza chochote, mwangalie Robert Smith wa The Cure, kazaliwa 1959, mwaka 2024 bendi ilitoa albamu mpya baada ya miaka 16, na yeye bado nywele timtim na lipstiki imevuka mipaka ya mdomo kama kapakwa na mtoto wa chekechea. Ila yule ndo kazi yake ile, hana bosi wa kliniki.

Na kuna wanaopunguza kwa woga, si kwa umri, hilo lisemwe pia. Agosti 2007 binti wa miaka 20, Sophie Lancaster, alishambuliwa na kundi la vijana usiku kwenye bustani ya mji wa Bacup, Lancashire, yeye na mpenzi wake, kisa ni muonekano wao tu. Sophie alifariki siku kadhaa baadaye hospitalini. 2013 polisi wa Greater Manchester wakaanza kuyaandika mashambulizi ya namna hiyo katika fungu moja na yale ya chuki ya rangi na dini. Mama mwenye nyumba alikuwa hapendi kuongelea habari hii, ila niliona kwamba akirudi usiku na basi anavaa kofia na skafu ya kawaida juu ya kila kitu.

Siku moja nilimwonyesha picha ya bibi yangu wa Tanga. Bibi ana buibui jeusi la zamani, wanja machoni, piko kwenye vidole na nywele zilizoficha mvi kwa hiyohiyo piko, fedha mikononi, kakaa kizani barazani. Mama wa watu akaishika ile picha muda mrefu, akaniuliza huyu ana miaka mingapi, na wanja huu ananunua wapi, kwa sababu wake unachuruzika. Nikamwambia ni wa kutengeneza nyumbani. Bibi yangu hajawahi kusikia besi ya Bauhaus maishani mwake, kwa hiyo si gothi, narudia, muziki kwanza, lakini kwa upande wa kabati walikuwa wanaelewana kabisa.

Mimi nilianzia chuo, Dar, mabuti ya mtumba kutoka Karume na lipstiki nyeusi iliyokuwa inayeyuka kabla sijafika Ubungo. Mahameli mwezi wa tatu Dar es Salaam ni adhabu, usijaribu, kitambaa chepesi cha pamba kinatosha, na lile la uso mweupe sahau, kwanza kwa ngozi yangu linageuka jivu, wanja mzito na mdomo wa zambarau iliyokolea unafanya kazi nzuri zaidi. Sasa nina miaka 38, nafanya kazi benki, na benki ina karatasi nzima ya masharti ya mavazi, kucha nyeusi ni marufuku. Hawajaandika chochote kuhusu kucha za miguu. Mwezi uliopita mwenzangu wa kaunta tulikutana naye Coco Beach, mimi na ndala, akaziangalia kucha, akaangalia gauni, akanishika mkono kwa huruma akaniuliza nani kafariki. Nikamwambia hakuna, ni Jumamosi.