Je, wajua kwa nini mtu akitoka kemo, yale matibabu ya kansa, anaweza kushikwa na kwikwi siku nzima?

Mjomba wangu wa Kayole alitoka kemo Jumanne jioni, Jumatano asubuhi chai ikamshinda, na si kutapika vile tulikuwa tunaogopa, ni kwikwi. Hik, chai kwa shati. Hik, tena. Anti akachana kakaratasi, akakalowesha na mate, akambandika kwa paji la uso vile watoto hufanyiwa, na huyu ni mzee wa miaka 61 amekaa hapo na karatasi usoni anangoja. Wapi. Jirani naye kuingia tu akauliza ameiba nyama kwa sufuria ya nani.

Mimi nilishuku dripu. Nilikuwa karibu kupatia, ni vile tu nililaumu dawa isiyo yenyewe.

Kwikwi huanzia kwa kiwambo, ule msuli mpana chini ya mapafu unaovuta hewa ukipumua. Ukijikaza ghafla hewa inaingia mbio, halafu kilango cha sauti kooni kinajifunga pap, kama milisekunde 35 baadaye, na huko kujifunga ndio hiyo hik. Neva zinazohusika zinatoka kwa shingo na shina la ubongo, moja inaitwa vagasi, hiyo inapita koo, kifua, hadi tumboni, kwa hivyo ikichokozwa mahali popote njiani kwikwi inaweza kuanza.

Sasa kuna dawa za kansa kama sisplatini, hizo huchokoza tumbo na utumbo, seli zinamwaga serotonini na vagasi inapeleka habari kwa ubongo. Lakini mshukiwa mkubwa mara nyingi ni deksamethasoni, dawa ya aina ya steroidi, na hii hata haikuwekwa hapo kupigana na kansa, unapewa pamoja na kemo usitapike! Yaani ile ya kukuhurumia ndiyo inakusumbua. Inadhaniwa inachokoza ile sehemu ya ubongo inayoendesha kwikwi, na wanaopatwa zaidi ni wanaume, wanawake ni wachache sana.

Mjomba alikuwa ashaamua kunyamaza, ati ni kwikwi tu, nani humsumbua daktari na kwikwi. (Hatukumwambia habari ya Charles Osborne, Mmarekani aliyekuwa nayo kutoka 1922 hadi 1990.) Shida ni kwamba ikipita masaa 48 mtu hali, halali, na mgonjwa wa kemo hana kilo za kupoteza. Na dawa ziko, kuna baklofeni, kuna metoklopramidi, kuna klopromazini, ila ni za kuandikiwa na daktari, na hiyo deksamethasoni usiiache kivyako kwa sababu kutapika nako kunangoja hapo mlangoni.

Kwa mjomba, raundi iliyofuata daktari alimbadilishia, akampa steroidi nyingine. Jumatano akamaliza vikombe viwili vya chai. Kwikwi ilikuja mara tatu hivi ikapotea, na anti alikuwa amekaa karibu na kakaratasi kake mkononi.