“Dada, mimi nilishakatwa”

Juni ikianza kuyoyoma, kauli moja huingia ofisini kwangu, ninakowafanyia watu hesabu za kodi, kwa sauti mbalimbali: “Dada, mimi nilishakatwa.” Juni 2025 aliyekuja nayo alikuwa kijana mpiga picha wa hapa Mombasa. Ankara zake alikuwa amezitia kwenye bahasha ya kaki. Kampuni tatu zilikuwa zimempa kazi mwaka wa 2024, na kila moja ilimkata 5% kabla ya kumtumia pesa. Kwake yeye kodi ilikuwa imekwisha, ndiyo maana kila mwaka alituma ritani ya sufuri, yaani taarifa kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kwamba hakuingiza kitu.

Hapo huwa naagiza chai kwanza.

Ile 5% ni arbuni. Malipo ya huduma kama zake yakifika shilingi 24,000 kwa mwezi, kampuni inayolipa hulazimika kukata na kuipelekea KRA ndani ya siku 5 za kazi, kwa PIN yako wewe, namba yako ya mlipakodi. Pesa hukaa pale zikisubiri hesabu ya mwaka mzima. Sasa ukituma sufuri huku vyeti vya makato vimo kwenye iTax, mtandao wa KRA, kwa jina lako, unakana mapato mbele ya mtu aliyeshika risiti zako.

Tulipiga hesabu mezani. Aliingiza 600,000. Kukodi lenzi, nauli, bando na programu ya kuhariri vikala 150,000, ikabaki 450,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, 288,000 za kwanza hutozwa 10%, yaani 28,800. Laki moja inayofuata hutozwa 25%, yaani 25,000. Zile 62,000 zilizosalia hutozwa 30%, yaani 18,600. Jumla 72,400. Ondoa nafuu ya kila mkazi, 28,800 kwa mwaka, anadaiwa 43,600. Alishakatwa 30,000, kwa hivyo bado 13,600. (Bima ya afya nimeiweka kando hapa ili hesabu isichoshe.)

Akanyamaza. Nikamwambia asinune, maana hesabu hiyohiyo huweza kukugeukia kwa heri. Nina mteja mpiga video aliyeingiza 480,000 na kutumia 200,000, kwa sababu kamera yenyewe huikodi. Kodi ya 280,000 ni 28,000, na nafuu inaimeza yote. Zile 24,000 alizokatwa ni zake: anaweza kuomba arudishiwe, au azisogeze zipunguze kodi ijayo. Mimi humshauri azisogeze, kwani kungoja kurudishiwa kunataka moyo. Wanaotuma sufuri pesa hizi huziacha bila kujua.

Lakini yote haya yanasimama juu ya risiti. Tangu Januari 2024 matumizi ya biashara yanataka ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, isipokuwa machache yaliyosamehewa na sheria. Karatasi ya mkono yenye muhuri wa duka haikutoshi tena. Nimeona mtu ana gharama za kweli kabisa, kila mtu anajua alizilipa, na hazikuhesabika. Omba ankara siku ileile unapolipa. Ukirudi baada ya miezi minane, muuzaji hakukumbuki.

Tarehe nazo huchanganywa. Ritani ya mwaka uliopita mwisho wake ni tarehe 30 Juni, ila salio la kodi lilitakiwa kulipwa kufikia tarehe 30 Aprili. Ukichelewa kulipa kuna faini ya 5% na riba ya 1% kwa mwezi. Ukichelewesha ritani yenyewe, mtu binafsi hutozwa shilingi 2,000 au 5% ya kodi, ile iliyo kubwa.

Mwenye duka asijipime kwa kipimo cha huyu mpiga picha. Mauzo yakiwa kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, yeye huingia kwenye ile TOT, kodi ya mauzo: 3% ya mauzo, kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na gharama haziondolewi. Ada za kitaalamu, kama za mpiga picha, hazimo humo.

Kuna swali huwa nauliza kabla ya hesabu yoyote: je, kweli umejiajiri? Ukiingia saa mbili asubuhi, unatumia kompyuta ya kampuni, unaomba ruhusa ya kwenda mazishini, na mwaka mzima hukumfanyia kazi mtu mwingine, basi karatasi iliyoandikwa “mkandarasi” haikugeuzi. Mahakama zetu hutazama nani anakuongoza na jinsi ulivyoshikamana na shughuli zao. Ukiwa mwajiriwa, likizo, NSSF (akiba ya uzeeni) na PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) ni juu yao. Wapo waajiri wanaolijua hilo vizuri sana.

Kijana wangu alikuwa amejiajiri kweli. Tukaanza kurekebisha ritani za nyuma, kisha tukafungua vyeti vya 2024. Viwili vilikuwepo. Cha kampuni ya tatu, iliyomlipa kwa kazi ya 200,000, hakikuonekana: walimkata 10,000 na hawakuzipeleka. Bila cheti sikuwa na cha kudai, na deni likapanda kutoka 13,600 hadi 23,600. Aliwapigia simu pale pale, mezani kwangu. Wakamwambia mhasibu ametoka.

Chai ilikuwa imeshapoa. Akapiga tena.