Pasaka wakati wa korona: maswali niliyoulizwa mlangoni pa kanisa

Kwaresima ya 2020 tulipakwa majivu tarehe 26 Februari kama miaka yote. Tarehe 16 Machi Tanzania ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, kesho yake shule zikaanza kufungwa, na Pasaka ilikuwa tarehe 12 Aprili. Makanisa yalibaki wazi. Hapa Mwanza tukaenda Misa tukipitia kwenye ndoo ya maji yenye koki, na kila nikitoka nje waumini wenzangu walinizunguka, maana wananijua kama nesi kabla ya kunijua kama mwanakwaya wa sauti ya pili. Naandika maswali yao kwa sababu magonjwa ya njia ya hewa hayajaisha, na kila msimu naulizwa yaleyale.

Nesi, tukinawa mikono si inatosha?

Haitoshi. Sisi watu wa ziwani tumefundishwa na kipindupindu, na kipindupindu huingia kwa mdomo: maji machafu, chakula, mikono. Kwa hiyo ndoo tuliizoea upesi. Korona husafiri zaidi kwa pumzi ya mtu anayeongea, anayekohoa au anayeimba karibu nawe. Kunawa kuna maana yake: kirusi hiki kimevikwa utando wa mafuta na sabuni huupasua. Sugua kwa sekunde 20 hivi, sawa na Baba Yetu moja isiyo na haraka. Lakini mtu mwenye mikono safi kabisa anaweza kukuambukiza kwa kupumua tu, hasa chumba kikiwa kimefungwa. Hapo ndipo tulipokosea. Tulisimamia ndoo kwa bidii, halafu madirisha ya upande wa ziwa tukayafunga ili upepo usipeperushe karatasi za nyimbo. Upepo ule ulikuwa dawa ya bure.

Kwaya imekosa nini hadi ipunguzwe?

Swali hili liliniuma, maana mazoezi ya nyimbo za Mkesha wa Pasaka ndiyo furaha yangu ya mwaka mzima. Ukiimba unavuta hewa hadi chini ya mapafu na kuitoa kwa nguvu, pamoja na chembechembe ndogo za mate. Nyingine hazianguki haraka, zinaelea hewani kama moshi wa ubani. Mwenzako aliyesimama bega kwa bega nawe anazivuta kwa pumzi ndefu kama yako, saa mbili mfululizo.

Tarehe 10 Machi 2020, kwaya moja ya jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Walikuwa 61, na mmoja wao alikuwa tayari ana dalili kama za mafua. Baadaye wengine 52 waliugua au walidhaniwa kuugua korona, na wawili wakafariki. Kila nikiikumbuka habari hiyo naviona viti vyetu vya mazoezi, vilivyobanana vilevile.

Kwa hiyo: fanyeni mazoezi nje, chini ya mti, kwa muda mfupi na kwa nafasi. Kanisani waimbe wachache, madirisha yakiwa wazi. Mwenye mafua abaki nyumbani, hata kama ndiye mpiga solo. Ni bora zaburi iimbwe na mtu mwingine.

Ijumaa Kuu kutobusu Msalaba si kupungukiwa na imani?

Hapana. Tarehe 25 Machi 2020 Vatikani yenyewe ilielekeza kwamba, mahali penye vizuizi, Msalaba ubusiwe na padre anayeongoza ibada peke yake, na kuosha miguu Alhamisi Kuu kuachwe. Watu mia wakigusa mti mmoja kwa midomo, kitambaa cha kufutia hakitoshi. Piga goti, inama, kaa kimya mbele yake.

Na maji ya baraka?

Yamebarikiwa kwa ajili ya sala. Hayaui vijidudu, na chombo cha mlangoni kinachochovywa na kila mkono kinafaa kuachwa kikavu kwa muda.

Nikijifukiza kwanza, naweza kwenda jumuiya?

Mvuke unaweza kukulegezea mafua, lakini hauui kirusi kilicho mwilini, na watoto wameungua kwa sufuria hizo. Ukiwa na dalili, baki nyumbani. Kwa wazima, jumuiya, yaani majirani wanaosali pamoja nyumbani kwa mmoja wao, ikutane uani badala ya sebuleni, na Njia ya Msalaba ifanyike nje. Kumbukeni pia kwamba mtu huweza kuambukiza siku mbili hivi kabla hajajisikia kuumwa.

Nina homa. Ni malaria au korona?

Huku kwetu kila homa huitwa malaria, na dawa hununuliwa kabla ya kipimo. Pima. Kutokuwa na malaria ni habari muhimu, na kuwa nayo hakuzuii korona kuwepo pia. Ukibanwa na pumzi, kifua kikiuma mfululizo, midomo ikigeuka rangi au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje kivuko cha kesho.

Mama yangu ana miaka 78, ana kisukari, na analia kwamba atakosa Misa ya Pasaka. Nimwambieje?

Mwambie kwanza kwamba hatendi dhambi. Katekisimu, namba 2181, inataja ugonjwa kuwa sababu nzito inayomwondolea mtu wajibu wa Misa ya Jumapili. Halafu mwambie kuhusu jioni ya tarehe 27 Machi 2020, Baba Mtakatifu Fransisko alipoomba peke yake kwenye uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha. Hata yeye alikosa watu.

Kisha msaidieni asali kweli. Mfungulieni Redio Maria, mwashieni mshumaa, asali Komunyo ya tamaa, yaani amwombe Yesu aje moyoni mwake ingawa hawezi kupokea Komunyo kanisani, kwa maneno yake mwenyewe. Mwambieni paroko mapema, ili Komunyo na Mpako wa Wagonjwa vimfuate nyumbani, padre akiwa amevaa barakoa na mlango ukiwa wazi. Na wajukuu waliotoka mjini wamsalimie uani, wakae kwenye mkeka mbali kidogo na kiti chake, wamwimbie Aleluya kutoka pale.