Kanji za Shuleni Japani: Usanifishaji na Mipaka Yake

Mtoto wa Kijapani anapoanza shule hukutana na mifumo mitatu ya maandishi: hiragana na katakana, zinazowakilisha sauti, pamoja na kanji, zinazobeba maana. Zamani hata hiragana hazikuwa na umbo moja, kwani silabi moja iliweza kuandikwa kwa alama kadhaa, hadi kanuni za shule za msingi za mwaka 1900 zilipoteua alama moja kwa kila silabi.

Kanji zilihitaji kazi kubwa zaidi. Mwaka 1946 serikali ilitangaza orodha ya kanji 1,850 za matumizi ya kawaida, mwaka 1948 ikatenga 881 kwa ajili ya elimu ya lazima, na mwaka uliofuata ikarahisisha maumbo mengi; katika mageuzi hayo ya miaka ya 1940, 學 ikawa 学 na 國 ikawa 国. Leo shule za msingi hufundisha kanji 1,026, zikiwemo 80 za darasa la kwanza. Nyongeza ya karibuni, iliyoanza kutumika mwaka 2020, ni ya kanji 20 zinazopatikana katika majina ya mikoa, uamuzi ambao naona ulistahili kufanyika mapema zaidi.

Hata hivyo, kukubaliana ni kanji zipi zifundishwe hakumalizi swali la namna ya kuziandika. Vitabu vya kiada huchapwa kwa herufi zilizosanifiwa zifanane na mwandiko wa mkono, na baadhi ya walimu wameyachukua maumbo hayo kuwa ndiyo pekee yaliyo sahihi, kiasi kwamba mwanafunzi aliyepinda kidogo ncha ya chini ya mstari wa wima katika 木 hukoseshwa alama. Mwaka 2016 Wakala wa Utamaduni wa Japani ulitoa mwongozo unaoeleza kwamba kinachoitambulisha kanji ni muundo wake wa msingi, na kwamba ncha kupinda au kutopinda katika 木 si kosa.

Si kila tofauti ndogo inayoweza kupuuzwa. Katika 土, yaani udongo, mstari wa chini ndio mrefu, ilhali katika 士 mrefu ni ule wa juu, na anayebadilisha urefu huo ameandika kanji nyingine. Hapo mwalimu ana haki kamili ya kusahihisha; katika 木 atoe mfano mmoja wa kuigwa darasani, lakini asimnyime mtoto alama zake.