Kanisa la nyumbani: Injili ilivyoenea kabla ya makanisa kujengwa

Ukitaja kueneza Injili, wengi wetu tunaona uwanja, jukwaa, spika zilizopangwa na mhubiri mwenye kipaza sauti. Kwa kanisa la karne 3 za kwanza, picha hiyo haifai. Mahubiri ya hadharani yalikuwepo, lakini Matendo ya Mitume chenyewe kinaonyesha mara ngapi yaliishia kwenye ghasia, mawe au mahabusu. Kazi kubwa ilifanyika ndani ya nyumba za watu. Wanahistoria wanauita utaratibu huo kanisa la nyumbani: waumini wa mji au mtaa wanakutana kwa mwenzao mmoja ili kusali, kusomewa maandiko, kula pamoja na kupokea wageni, huku nyumba hiyohiyo ikiendelea kuwa makazi na mara nyingi mahali pa kazi.

Nyumba inayozungumzwa hapa si ya baba, mama na watoto tu. Kwa mtu mwenye uwezo katika miji ya Dola la Roma, nyumba ilijumuisha watumwa, watumwa walioachwa huru ambao bado walimtegemea bwana wao, mafundi na vibarua, na chumba kinachotazama barabara kilikuwa duka au karakana, kwa hiyo wateja waliingia na kutoka kutwa nzima. Mwenye nyumba akiamini, wote hao wanasikia. Huko Filipi, Lidia, mfanyabiashara wa nguo za rangi ya zambarau kutoka Thiatira, alibatizwa pamoja na watu wa nyumbani kwake, na papo hapo akawang'ang'ania Paulo na wenzake wafikie kwake. Zambarau ilikuwa bidhaa ya wenye fedha. Mama huyu alikuwa na nafasi ya kulaza wageni, na nafasi ya kulaza wageni ndiyo iliyokuwa mtaji wa kwanza wa kanisa.

Hata hivyo tusidhani kila aliyekaa chini ya dari hilo aliamini kwa kuwa bwana wake ameamini. Barua ya Paulo kwa Filemoni ni fupi, lakini ina jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Kanisa lilikutana nyumbani kwa Filemoni. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, hakuamini akiwa humo. Aliondoka, akakutana na Paulo kifungoni, na ni huko ndiko alikoamini. Kwangu mimi habari hii ina uzito kuliko takwimu yoyote: mtu aliishi pale ibada ilipofanyika na haikumgusa, mpaka alipokutana na mfungwa mmoja mbali na hapo.

Njia ambazo nyumba hizi ziliunganishwa hazikujengwa na Wakristo. Zilikuwepo. Wayahudi walikuwa wametapakaa kutoka Mesopotamia hadi Roma, na kila walipokaa kulikuwa na sinagogi, na pembeni ya sinagogi kulikuwa na watu wa mataifa waliovutwa na Mungu wa Israeli bila kuingia kabisa katika Uyahudi. Paulo akifika mji mpya alianzia hapo. Kigiriki kilieleweka karibu katika bandari zote za mashariki ya Mediterania, na barabara za dola zilipitika. Hata mateso yalisaidia bila kukusudia. Baada ya Stefano, Mkristo wa kwanza kuuawa kwa imani yake, kupigwa mawe, waumini walitawanyika kutoka Yerusalemu, na watu wa Kipro na Kirene walipofika Antiokia wakaanza kuzungumza na Wagiriki pia. Luka, anayesimulia hayo, hawataji kwa majina. Ni wao waliofungua mlango ambao baadaye ulileta safari zote za Paulo, na ni Antiokia ambako wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza.

Kama ningelazimika kuchagua watu wawili tu wa kueleza jambo hili, nisingemchagua Paulo wala Petro. Ningewachagua Akila na Prisila, mume na mke. Walikuwa mafundi wa kushona mahema. Walifukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio dhidi ya Wayahudi, wakahamia Korintho, na Paulo alipofika mjini humo alikaa kwao kwa sababu ujuzi wao ulikuwa mmoja. Kipindi hicho tunakijua vizuri, kwa kuwa Galio, liwali aliyesikiliza mashtaka dhidi ya Paulo huko Korintho, anatajwa katika maandishi ya mawe yaliyopatikana Delphi, Ugiriki, na uliwali wake unaangukia miaka ya 51 hadi 52. Baadaye wawili hao wakahamia Efeso, na kanisa likawa linakutana kwao. Apolo, msomi hodari wa maneno kutoka Aleksandria, alipofundisha pale huku elimu yake ikiwa na pengo, hawakumkatiza mbele ya watu. Walimchukua kwao wakamweleza. Kisha tunawakuta tena Roma, na Paulo katika Waraka kwa Warumi analisalimu kanisa lililo nyumbani mwao. Miji mitatu, karakana ile ile, na kila walikohamia nyumba yao ikawa kanisa. Hakuna aliyewatuma kama wamisionari. Walifuata kazi, na mara moja walifukuzwa.

Waraka huo kwa Warumi nao una historia yake. Aliyeuandika kwa mkono ni Tertio, ambaye alijipenyeza sura ya 16 akatuma salamu zake mwenyewe. Anayeaminika kuubeba ni Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, bandari ya Korintho. Posta ya dola ilikuwa kwa shughuli za serikali tu, kwa hiyo mtu wa kawaida alitegemea msafiri anayeelekea huko. Barua ikifika ilisomwa kwa sauti, kwani wengi hawakujua kusoma, na Wakolosai waliagizwa wabadilishane barua na kanisa la Laodikia. Hivyo ndivyo maandishi yaliyoandikwa kwa mji mmoja yalivyokuja kusomwa kila mahali. Wakristo pia waliacha mapema magombo, yaani maandishi ya kuviringishwa, na kupendelea kodeksi, yaani kurasa zilizoshonwa pamoja kama vitabu vya leo, zilizobebeka kwa urahisi.

Wageni wakizidi, matapeli nao hawakosi. Hapa kuna andiko moja ninalolipenda sana, Didake, mwongozo mfupi wa kanisa ambao wanahistoria wengi wanauweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2. Ulipotea kwa karne nyingi hadi nakala yake ilipopatikana Constantinople (Istanbul ya leo) mwaka 1873. Unaagiza hivi: mtume akija apokewe kama Bwana, lakini akae siku moja, au mbili kukiwa na haja. Akikaa ya tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha atakapolala, basi. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Nabii akiagiza chakula kiandaliwe "katika Roho" halafu akakila mwenyewe, huyo pia ni wa uongo. Na msafiri wa kawaida akitaka kuhamia, afanye kazi ale, na kama hataki, basi anafanya biashara kwa jina la Kristo. Sheria kama hizi hazitungwi bila visa. Ukizisoma unaona kabisa mama mwenye nyumba aliyechoka kumpikia mtumishi wa Mungu asiyeondoka.

Ushahidi mwingine mzuri unatoka kwa waliowachukia. Plinius, liwali wa Bithinia na Ponto katika Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trajan mnamo mwaka 112 kwamba Wakristo wamejaa, si mijini tu bali hata vijijini. Waliohojiwa walimwambia kosa lao lote lilikuwa kukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, kumwimbia Kristo kama Mungu, na kuapa kutoiba, kutozini na kutovunja ahadi, kisha kukutana tena kula chakula cha kawaida. Ili apate zaidi aliwatesa wajakazi wawili waliokuwa wahudumu wa kanisa. Trajan alijibu kwamba wasisakwe, lakini wakishtakiwa na kuthibitika waadhibiwe, na mashtaka yasiyo na jina yasipokewe.

Celsus, mwanafalsafa aliyeandika mnamo mwaka 178, alikuwa mkali zaidi. Maneno yake yamehifadhiwa na Origenes, mwanateolojia Mkristo aliyemjibu miaka mingi baadaye. Analalamika kwamba wafuma sufu, washona viatu na wafua nguo, watu wasiothubutu kufungua mdomo mbele ya wakubwa wao, wakiwapata watoto na wanawake faraghani wanawaambia wasiwasikilize baba zao wala walimu, bali waje karakana ya mshona viatu au kwa wafua nguo wakajue ukweli. Alikusudia kudhalilisha, lakini ukiondoa dharau, ametuachia maelezo sahihi ya namna dini hii ilivyokuwa ikitembea.

Yustino, mwalimu aliyeuawa Roma mnamo mwaka 165, aliulizwa mahakamani Wakristo wanakutana wapi. Akamuuliza hakimu kama anadhani wote wanaweza kuenea mahali pamoja, kisha akasema yeye anaishi juu ya hamamu fulani, na yeyote aliyependa kuja kwake alifundishwa.

La kushangaza ni kwamba mlango haukuwa wazi kwa kila mtu. Asiyebatizwa hakukaribia meza ya Bwana, na kufikia karne ya 3 baadhi ya makanisa yaliwafundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, hadi miaka 3 kabla ya ubatizo. Ibada haikuwa chambo cha kuvuta watu. Mtu alivutwa kwanza na jirani, fundi mwenzake au ndugu, na mara nyingi na msaada alioupata. Askofu Kornelio wa Roma, akiandika mwaka 251, alitaja wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliolishwa na kanisa la mji huo. Kundi linalofungia watu nje ya meza yake linapaswa kudumaa, lakini hili lilikua, na nadhani lishe hiyo ya wajane ni sehemu kubwa ya sababu.

Nyumba zenyewe zilianza kubadilika. Dura-Europos, mji wa mpakani kando ya mto Frati, wachimbaji waligundua nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kanisa karibu mwaka 240: ukuta kati ya vyumba viwili umebomolewa kupata ukumbi, na chumba kimoja kimewekewa kisima cha ubatizo na picha za ukutani, mojawapo ya mchungaji na kondoo wake. Ilifukiwa wakati mji ulipokuwa ukijihami dhidi ya Waajemi, nao ukaanguka mwaka 256. Kufukiwa ndiko kulikoihifadhi.

Nje ya dola mambo hayakwenda hivyo kila mahali. Katika ufalme wa Aksum, kwenye Ethiopia na Eritrea za leo, Frumentius, kijana aliyefikishwa huko mateka, alipata cheo katika nyumba ya mfalme na akawahimiza wafanyabiashara Wakristo waliotoka Dola la Roma wawe na mahali pao pa kusali. Athanasius, askofu wa Aleksandria, akamweka wakfu kuwa askofu. Mfalme Ezana alipoamini, katika karne ya 4, sarafu zake ziliacha alama ya mwezi na jua zikachukua msalaba. Huko wafanyabiashara walitangulia, lakini ikulu ndiyo iliyoamua.

Ndani ya dola, uhuru wa kuabudu ambao Wakristo walipewa mwaka 313 ulimaliza haja ya kujibana majumbani. Kaisari Konstantino alijenga mabasilika, yaani makanisa makubwa, na waumini waliohesabika kwa makumi katika chumba cha chakula sasa walisimama kwa mamia. Mtaguso mdogo, yaani mkutano wa maaskofu, uliofanyika Laodikia katika nusu ya pili ya karne ya 4 ukapiga marufuku maaskofu na mapadre kutolea sadaka ya Ekaristi katika nyumba za watu. Laodikia ni mji ule ule ambao Waraka kwa Wakolosai unautaja sambamba na Nimfa na kanisa lililokuwa nyumbani mwake.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji, waliyarudia hayo ya nyumbani kwa sehemu. Jumuiya hukutana kwa zamu nyumba kwa nyumba, husoma Neno, huchangia mgonjwa na msiba. Misa ya Jumapili husomwa parokiani au kigangoni.