"Huku mikoani huwezi kuwa mbunifu wa taa"

Kati ya dhana potofu kuhusu taa za jukwaani, hii ndiyo inayochosha kuliko zote, maana anayeisema huwa amesimama ndani ya ukumbi wa shule wenye jukwaa la mita 6 kwa 4, akisubiri London imwite. Ukumbi huo ndio darasa. Taa mia huficha makosa, taa sita huyaanika.

Tazama kosa la kila siku: stendi mbili za mita 3, mita 6 mbele ya mwigizaji. Uso wake uko mita 1.6 kutoka sakafuni, kwa hiyo mwanga unampiga kwa digrii 13 tu. Uso unakuwa bapa kama sahani, na kivuli kinakimbia karibu mita 7 nyuma hadi kinapanda pazia. Fundi anaongeza taa, vivuli vinazaana. Zipandishe hizo mbili hadi mita 4.6 juu ya jukwaa, zisogeze mita 3 mbele yake, moja kushoto na moja kulia. Hapo ni takriban digrii 45, na kivuli kinaishia sakafuni. Mwongozaji naye asimsimamishe mtu chini ya mita 2 kutoka kwenye pazia. Mbili nyingine zitoke nyuma kwa juu. Mbili za mwisho ziweke ubavuni kwa ajili ya wacheza ngoma, kwani mwanga wa ubavu ndio unaochonga mikono na miguu.

Kisha chora plani ya taa kwa skeli ya 1:50, andika orodha ya mabadiliko ya mwanga, piga picha. Hayo ndiyo mwajiri anayaomba, si jina la ukumbi. Na kazi zipo: maigizo ya shule, makanisa, harusi, majukwaa ya wazi kama Ngome Kongwe, Unguja. Ila huko kwenye uwazi, kabla ya saa moja usiku huoni ulichopanga, basi panga usiku wa kuamkia onyesho.

"LED ya rangi tatu inatosha kwa kila kitu." Nyeupe yake, mchanganyiko wa nyekundu, kijani na bluu, huifanya ngozi nyeusi ionekane kama imepakwa majivu. Usoni tumia nyeupe ya joto, yenye umanjano kidogo.

"Soketi ni soketi." Ya ampea 13 hubeba taa mbili za wati 1000. Ya tatu inafika ukingoni kabisa, na soketi nne za ukuta mmoja huenda zote ziko kwenye breka moja. Uliza kabla ya kuchomeka.

"Waya wa maikrofoni ndio huo huo wa DMX." DMX ni ishara inayoziamuru taa; plagi zinaingiliana, waya si mmoja. Taa zikianza kupepesa katikati ya onyesho, usilaumu mashine: tumia waya wa DMX wenyewe, na kwenye taa ya mwisho funga rezista ya omu 120 kati ya pini ya 2 na ya 3.