Kitabu cha nakshi, cha kushika au cha kwenye simu?

Kila nikipata mwanafunzi mpya wa mambo ya milango ya Mji Mkongwe swali lake la kwanza ndo hilohilo, maalim mbona unabeba mavitabu wakati kila kitu kipo kwenye simu. Haya, leo nijibu.

PDF sizidharau. Nikitaka kujua neno mfaa (ule mti wa katikati ya mlango) limetajwa wapi kwenye kurasa mia nne, laptopu inanipa kwa sekunde mbili, kwenye kitabu ni mchana mzima na faharasa ikiwa mbovu ndo basi tena. Halafu vitabu vingi vya zamani vya pwani havipo tena madukani, ukikipata kimoja ukaambiwa bei unatafuta kiti kwanza.

Shida inaanza unapotaka kuchonga.

Mwaka juzi nilimpa fundi mmoja kopi niliyoprinti kutoka kwenye PDF, picha ya mwimo, ile nguzo ya pembeni ya fremu ya mlango, wenye nakshi ya mnyororo na mayungiyungi. Aliyeskani aliseti nyeusi na nyeupe tupu ili faili liwe dogo, kijivu hakuna, basi kila kivuli kikageuka wino. Fundi wa watu kaona mstari mnene pembeni ya kila petali akauchonga kama mfereji, kumbe ni jua tu lilipiga ubao kwa ubavuni. Nilipomletea kitabu chenyewe akakigeuzageuza pale kwenye benchi, akasema, "Maalim, hii petali imebinuka, haijakatwa." Ubao wa msaji huo, umeharibika hivihivi. Kwenye picha ya nakshi kina unakisoma kwa kivuli, kikipotea unabaki na ramani tu.

Na hili watu hawaniamini mpaka niwape lenzi: picha ya kitabuni kwa kawaida imeundwa kwa vidoti. Kwa hiyo hata ukiskani kwa ukali mkubwa, dpi 600, halafu ukaivutavuta kwenye skrini huoni alama za patasi, unaona vidoti vimenenepa, na skana ikigombana navyo inakutolea mawimbimawimbi ambayo mlangoni hayapo kabisa. Hapo tafuta negativu, ile filamu ya picha yenyewe, au nenda kwenye mlango. Saizi nayo vilevile, mchoro wa kitabuni ukiandikwa moja kwa kumi naweka bikari napata kipimo changu, kwenye simu ni moja kwa kumi ya nini wakati kila ukigusa inabadilika?

Ila wa vitabu msishangilie sana. Huku Unguja masika yakiingia na kabati halina hewa ukungu unaota mpaka kwenye gundi, na mchwa wanasoma kuliko sisi.

Disemba 25, 2020 Beit al-Ajaib ya hapa Mji Mkongwe ilipoporomoka upande mmoja, jengo la Sultan Barghash la mwaka 1883, nilijiuliza ile milango mikubwa ingekwenda yote tungeirudisha kwa kutumia nini. Picha za watalii zimejaa intaneti lakini nilizoziona mimi karibu zote hazina hata rula pembeni, na mlango bila kipimo fundi ataubuni tu.

Siku hizi nikiskani naseti rangi, naweka rula juu ya ukurasa, nahifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyoharibu picha, kopi tatu na moja inakaa nyumba nyingine kabisa, kitabu kinarudi kabatini. Na ukiletewa kitabu kizima cha picha kwenye faili la MB 4, kisome maneno, usikipeleke karakana.